Tosha

Jumatatu ya tarehe 14 Oktoba 2002, Nairobi ilikuwa na mikutano miwili mikubwa ya siasa. Kasarani, katika uwanja wa michezo uliobeba jina la Rais Daniel arap Moi, wajumbe wa KANU walikusanyika kumwidhinisha Uhuru Kenyatta agombee urais kwa tiketi ya chama kilichoitawala Kenya tangu uhuru. Hapakuwa na ushindani. Kila mjumbe aliyeshuka kwenye basi alilijua jina ambalo angelishangilia. Katikati ya jiji, kwenye nyasi za Uhuru Park, walikutana watu ambao mwanzoni mwa mwaka huo wasingekubali kusimama jukwaa moja: wapinzani waliopambana na KANU kwa miaka 10, na mawaziri waliokuwa wametoka tu ndani ya KANU hiyo kwa hasira.

Miongoni mwa hao waliotoka alikuwamo Raila Odinga. Mwezi Machi mwaka huohuo alikuwa amefanywa Katibu Mkuu wa KANU. Mwai Kibaki alikuwa Kiongozi Rasmi wa Upinzani Bungeni, kinara wa Democratic Party, na muungano wa vyama vya upinzani ulioitwa NAK ulikuwa umekwisha kumteua awe mgombea wake. Upande wa Raila, ambao sasa ulikuwa umejisitiri ndani ya chama kidogo cha Liberal Democratic Party, haukuwa umemteua mtu. Kalonzo Musyoka aliutaka urais. Profesa George Saitoti, aliyekuwa Makamu wa Rais kwa miaka zaidi ya 10, aliutaka. Simeon Nyachae, tajiri wa Kisii aliyewahi kuwa Waziri wa Fedha, aliutaka. Na Raila mwenyewe aliutaka; hakuna Mkenya ambaye hakulijua hilo. Kisha akashika kipaza sauti, akasema maneno mawili.

Kibaki tosha.

Umati ulipokea kwa kishindo. Jukwaani baadhi ya wenzake walibaki wameduwaa, kwa sababu walitarajia mchujo, au angalau kikao cha faragha, kabla ya jina kutajwa mbele ya umma. Lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka na watu walikuwa wamekwisha kulidaka. Nyachae alijiondoa akaenda kugombea peke yake kwa tiketi ya FORD-People. Kalonzo na Saitoti walimeza mate wakabaki.

Nalipenda neno hilo kwa namna lilivyokatwa. Darasani tungesema "Kibaki anatosha", na watu wa Mwambao wangesema "atosha". Raila alilivua neno kiambishi chake, likabaki shina tupu, fupi, rahisi kupigiwa kelele na watu laki kwa pumzi moja. Kutosha si kusifu. Maji yakitosha unga wa ugali hayajawa bora kuliko maji mengine. Yamefikia kipimo tu. Raila hakusema Kibaki ndiye bora kuliko wote, wala hakusema anampenda. Alisema kipimo kimefikiwa, tusiendelee kubishana. Tangu siku ile "tosha" imekuwa nomino katika siasa za Kenya. Mgombea husubiri apewe tosha. Kinara hutoa tosha. Na wapo waliongojea tosha ya mtu mpaka wakazeeka.

Wengi huisimulia siku ile kama hadithi ya ujanja, na ujanja ulikuwamo. Ninachotaka kukikumbuka mimi ni gharama. Kiongozi anayemuunga mkono mgombea wa chama kingine haweki rehani jina lake peke yake. Anaweka rehani watu wanaomwamini, na mambo yakiharibika, hao ndio wanaolipa. Kwa Raila kumtamkia Kibaki neno lile, ilibidi aruke shimo lililochimbwa kabla yeye hajaingia siasani.

Shimo hilo lilianza kwa tendo la ukarimu. Mwaka 1958, katika Baraza la Kutunga Sheria la wakoloni, baba yake Raila, Jaramogi Oginga Odinga, alisimama akamtaja Jomo Kenyatta na wafungwa wenzake kuwa viongozi wa kweli wa Waafrika wa Kenya. Kenyatta alikuwa akitumikia kifungo kaskazini, na kumtaja kwa heshima kulikuwa kujitafutia balaa. Mwaka 1961 KANU ilishinda uchaguzi ikakataa kuunda serikali hadi Kenyatta aachiliwe. Jaramogi alikuwa mstari wa mbele katika msimamo huo. Angeweza kujitafutia ukubwa wake mwenyewe, akamsubiri mwenziwe. Watu wa Nyanza hawakulisahau hilo, na kwa miaka mingi walilisimulia kama deni.

Deni hilo halikulipwa. Mwaka 1966, katika mkutano wa KANU wa Limuru, cheo cha makamu wa rais wa chama alichokuwa nacho Jaramogi kiligawanywa vipande kwa mikoa, akaachwa mtupu. Alijiuzulu umakamu wa Rais wa nchi akaunda Kenya People's Union. Mwaka 1969 ndio uliovunja kila kitu. Tom Mboya, waziri Mjaluo, aliuawa kwa risasi Nairobi mwezi Julai. Mwezi Oktoba Rais Kenyatta alikwenda Kisumu kufungua hospitali. Umati ukamzomea, walinzi na polisi wakafyatua risasi, watu wakafa, watoto wakiwamo. KPU ikapigwa marufuku na Jaramogi akatiwa kizuizini. Huko Mkoa wa Kati, nyumbani kwa Kenyatta na kwa Kibaki pia, mwaka huohuo, watu walikuwa wakilishwa viapo kwamba utawala usivuke kwenda kwa wengine. Watoto waliozaliwa baada ya hapo, Kisumu na Kiambu, walikua wakijua wa kumwogopa kabla hawajajua sababu.

Raila alipata sehemu yake mwenyewe. Baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982, alikamatwa akashtakiwa kwa uhaini. Mashtaka yaliondolewa, lakini badala ya kuachiliwa akawekwa kizuizini bila kesi hadi mwaka 1988. Mama yake alifariki mwaka 1984 yeye akiwa ndani, na habari ilimfikia baada ya kama miezi miwili, kaburi likiwa limekwisha kukauka. Katika miaka hiyo Makamu wa Rais wa Kenya alikuwa Mwai Kibaki, na wizara aliyoishika ilikuwa ya Mambo ya Ndani, iliyosimamia magereza. Sisemi Kibaki ndiye aliyemfunga. Amri za vizuizi zilitoka juu zaidi yake, na Kibaki hakuwa mtu wa kusaka maadui. Lakini nikitafuta kipimo cha neno lile la Uhuru Park, hapa ndipo ninapolipimia: mtu aliyenyimwa hata kumzika mama yake anasimama mbele ya taifa kumpigia debe aliyekuwa waziri wa serikali ile.

Siasa ya vyama vingi iliporejea Desemba 1991, kila mmoja wao alikuwa na mahali pake. Kibaki alikuwa bado waziri wa KANU, na alikuwa amewaambia watu kwamba kujaribu kuiangusha KANU ni kama kuukata mti wa mugumo kwa wembe. Siku ya Krismasi mwaka huohuo akajiuzulu, akaanzisha Democratic Party yenye alama ya taa. Wapo wapinzani ambao hawakumsamehe kwa kuchelewa hivyo. FORD, harakati iliyokuwa na nguvu ya kuing'oa KANU, iligawanyika: Kenneth Matiba upande huu, Jaramogi upande ule.

Uchaguzi wa Desemba 1992 una hesabu ambayo kila mpinzani wa Kenya aliikariri kwa uchungu. Moi alipata asilimia 36 hivi ya kura. Matiba alipata 26, Kibaki 19, Jaramogi 17. Jumlisha hao watatu: zaidi ya asilimia 60 ya Wakenya walimkataa Moi, na Moi akaapishwa. Jaramogi alifariki Januari 1994 bila kuiona siku aliyoingojea. Mwaka 1997 mambo yalijirudia na wagombea wakaongezeka. Moi 40, Kibaki 31, Raila 11 na chama chake cha NDP chenye alama ya trekta, Michael Kijana Wamalwa na Charity Ngilu kama 8 kila mmoja. Watu waliopanga foleni tangu alfajiri mara mbili walirudi nyumbani mara mbili wakiwa wameshindwa na wachache kuliko wao.

Baada ya hapo Raila alifanya jambo lililowakera wapinzani wengi: aliivusha NDP kwenda kushirikiana na KANU. Katikati ya mwaka 2001 alikuwa Waziri wa Kawi katika serikali ya Moi, serikali ya mtu aliyemweka kizuizini. Tarehe 18 Machi 2002, Kasarani, NDP ilivunjwa ikamezwa na KANU, na Raila akapata ukatibu mkuu. Siku hiyo Saitoti alipigwa kumbo mbele ya kamera. Nafasi za makamu wenyekiti wanne zilijazwa na wengine, akiwamo kijana ambaye hakuwa ametimiza hata mwaka mmoja Bungeni, tena kwa kuteuliwa: Uhuru Kenyatta.

Raila, naamini, alidhani ameingia kwenye nyumba ambayo mwenyewe anahama. Katiba ilimzuia Moi kugombea tena. Nani mwingine ndani ya KANU alikuwa na jeshi la kura kama la Nyanza? Mwezi Julai Moi alitoa jibu lake: Uhuru, mwana wa Jomo Kenyatta, mwenye umri wa miaka 40, aliyekuwa ameshindwa kiti cha ubunge cha Gatundu Kusini mwaka 1997. Watu wakauita uteuzi huo mradi wa Moi, na jina likashika. Raila, Kalonzo, Saitoti, Joseph Kamotho na wenzao wakaanza kuzunguka nchi chini ya jina la Rainbow, upinde wa mvua, wakidai mchujo wa haki. Moi alimfuta Saitoti umakamu wa Rais mwishoni mwa Agosti. Kufikia Oktoba hapakuwa na la kungoja tena ndani ya KANU.

Upande wa pili, Kibaki, Wamalwa na Ngilu walikuwa wamefanya kazi kimyakimya ambayo haisifiwi vya kutosha. Hao watatu waligombea kila mtu kivyake mwaka 1997. Sasa walikuwa wamekubaliana: Kibaki Rais, Wamalwa Makamu, Ngilu Waziri Mkuu katiba ikibadilishwa. Kwa hiyo Raila alipofika Uhuru Park hakukuta watu wanaogombania. Alikuta meza iliyokwisha kuandaliwa, na swali likawa kama upande wake ungekubali kukaa au ungeanza kuhesabu viti upya.

Mchujo ulikuwa na hatari. Kalonzo asiposhinda, Ukambani wangenuna. Saitoti asiposhinda, angekuwa na sababu ya kurudi KANU, kama mwenzao Musalia Mudavadi alivyorudi. Zaidi ya yote, Moi alikuwa amemsimamisha Mkikuyu. Akisimamishwa mtu mwingine dhidi yake, uchaguzi ungegeuzwa kuwa Mlima Kenya dhidi ya wengine, na hofu za 1969 zingefanya kazi ya kampeni bila malipo. Mkikuyu kwa Mkikuyu, hofu ilikosa pa kushika. Kibaki alikuwa na umri wa miaka 70, mchumi wa Makerere na London, mtu ambaye hakuna kabila lililokuwa likimchukia. Alitosha.

Nawafikiria zaidi watu wa Nyanza waliolisikia neno hilo kwenye redio. Tangu 1966 kila karatasi ya kura waliyoipenda ilikuwa na Odinga au mtu wa Odinga. Sasa Odinga anawaambia wampigie kura mtu wa Othaya, kule Mlima Kenya. Kampeni ilipowafikia ilikuwa na wimbo wao ndani yake: Unbwogable wa vijana Gidi Gidi Maji Maji, jina lililoshonwa kwa Kijaluo na Kiingereza, kutoka neno la Kijaluo lenye maana ya kutisha. Ulichezwa kwenye matatu za Kisumu na kwenye mikutano ya Kibaki vilevile, na wazee wa Nyeri wasiojua neno la Kijaluo walijifunza kulitamka lile moja.

Tarehe 22 Oktoba, siku nane baada ya Uhuru Park, pande mbili zilitia saini hati ya maelewano. NAK na LDP zingegawana nafasi za serikali nusu kwa nusu, na katiba mpya ingemfungulia Raila cheo cha Waziri Mkuu. Muungano ukaitwa NARC. Tazama mpangilio wa mambo: Raila alitoa kwanza, akaandikiana baadaye. Mtu wa soko hafanyi biashara hivyo. Sijui kama alikuwa na chaguo jingine, maana angedai hati kabla ya kutamka, mkutano wa siku ile ungeisha bila jina.

Halafu ikaja ajali. Jioni ya tarehe 3 Desemba gari la Kibaki lilipinduka kwenye makutano ya Machakos, barabara ya Mombasa. Mkono ulivunjika, kifundo cha mguu kikateguka, shingo ikaumia. Alikimbizwa Nairobi, kisha London. Wiki tatu na siku chache kabla ya kura, muungano uliojengwa juu ya jina la mtu mmoja ukawa hauna mtu huyo.

Hapa kulikuwa na mlango wazi kwa yeyote aliyetaka kuvunja ahadi. Raila angeweza kusema mgombea hawezi, tutafute mwingine. Badala yake alipanda magari na helikopta pamoja na wenzake, akazunguka mkoa baada ya mkoa kumwombea kura mtu aliyelazwa Ulaya. Alikwenda Kati, ambako jina la baba yake lilikuwa limetumiwa kutishia watoto, na watu wa Kati wakamshangilia. Wamalwa naye alikuwa mgonjwa huko London siku zilezile. Kibaki aliporudi kabla ya kura, alirudi kwenye kiti cha magurudumu, bandeji na plasta mwilini, na kampeni aliikuta hai, imenona.

Tarehe 27 Desemba Wakenya walipiga kura. Kibaki alipata asilimia 62 hivi, Uhuru 31, Nyachae kama 6. NARC ilichukua viti 125 kati ya 210 vya kuchaguliwa Bungeni. KANU, iliyojigamba kwamba ingetawala miaka 100, ikabaki na 64. Nyanza ya Wajaluo ilimpa Kibaki kura karibu zote, ilhali Mkoa wa Kati wenyewe uligawanyika kati yake na Uhuru. Linganisha ile asilimia 62 na jumla ya Matiba, Kibaki na Jaramogi mwaka 1992. Ni hesabu ileile. Miaka 10 ya machozi ilikuwa imekaa pale, ikingoja mtu mmoja akubali jina lake lisiwe kwenye karatasi.

Uhuru alikubali kushindwa, na Moi akakabidhi. Kuapishwa kulifanyika tarehe 30 Desemba, Uhuru Park palepale. Picha ya siku hiyo Wakenya wanaijua: Kibaki kwenye kiti cha magurudumu, mguu umenyooshwa mbele ndani ya plasta, shingo imefungwa, Biblia mkononi, Moi amesimama karibu, na fimbo yake, na watu wamepanda miti, wamepanda nguzo, wamejaa hadi barabarani. Mwanzoni mwa 2003 uchunguzi wa maoni wa kimataifa uliwataja Wakenya kuwa watu wenye matumaini kuliko wote duniani. Januari hiyo karo ya shule za msingi ilifutwa, na watoto zaidi ya milioni moja waliokuwa nyumbani wakaingia darasani. Akina mama waliwafikisha mlangoni bila kujua viti vitatoka wapi. Nani ataniambia neno la Oktoba lilikuwa bure?

Lakini baraza la mawaziri lilipotangazwa, siku chache tu baada ya kiapo, watu wa LDP walihesabu wakakuta nusu si nusu. Raila alipewa Wizara ya Barabara, Ujenzi na Nyumba. Walipotaja hati ya maelewano, waliomzunguka Rais wakajibu kwamba katiba haiitambui hati hiyo. Kibaki mwenyewe alinyamaza. Hapo ndipo ninapomlaumu, mimi niliye tayari kumsifu kwa barabara na shule: alijua vizuri ni nani aliyemwombea kura akiwa kitandani, na kimya chake kikawa jibu. Katiba iliyoahidiwa ndani ya siku 100 ilikokotwa kwenye kongamano la Bomas hadi 2004, ikanyofolewa mamlaka ya Waziri Mkuu, ikapelekwa kwenye kura ya maoni tarehe 21 Novemba 2005. Upande wa Ndiyo ulipewa ndizi, upande wa La ukapewa chungwa. Raila aliongoza chungwa, akashinda kwa asilimia 58. Siku mbili baadaye Kibaki alivunja baraza zima, na alipoliunda upya Raila na wenzake hawakuwamo. Kutoka kwenye tunda lile kikazaliwa chama cha ODM.

Yaliyofuata yanaumiza kuandika. Desemba 2007 wawili hao walishindana wao kwa wao. Kibaki alitangazwa mshindi kwa kura 231,728 tu zaidi, akaapishwa Ikulu jua likizama. Nchi ikawaka. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa na zaidi ya laki sita wakakimbia makwao. Waliokufa Kisumu kwa risasi, waliochomwa kanisani Kiambaa, waliofukuzwa Naivasha: wengi wao miaka mitano nyuma walikuwa wamempigia kura mtu mmoja.

Tarehe 28 Februari 2008, mbele ya Kofi Annan na Rais Jakaya Kikwete wa Tanzania, Kibaki na Raila walikaa kwenye meza nje ya Harambee House wakatia saini mapatano. Raila akawa Waziri Mkuu. Ni cheo kilekile cha hati ya Oktoba 2002. Kingeweza kutolewa kwa kalamu, kikatolewa kwa makaburi. Waliishi pamoja serikalini miaka mitano, na mwaka 2010 walisimama upande mmoja wa Ndiyo, katiba mpya ikapita.

Neno la Raila lilikuja kumrudia yeye mwenyewe kutoka mdomo ambao hakuna aliyeutarajia. Uhuru Kenyatta, mradi wa 2002, alimshinda Raila mwaka 2013, na 2017 akatangazwa tena baada ya Mahakama ya Juu kufuta uchaguzi wa kwanza na Raila kususia marudio. Machi 2018 wakapeana mikono kwenye ngazi za Harambee House. Mwaka 2022, Rais anayeondoka, kiongozi wa Jubilee, alimwacha Naibu wake William Ruto akamuunga mkono Raila wa ODM chini ya muungano wa Azimio. Ilikuwa tosha ya kiti cha Ikulu chenyewe. Na haikufua dafu. Ruto alipata asilimia 50.49, Raila 48.85, na Kiambu, kaunti ya nyumbani kwa Uhuru, ilimpa Ruto ushindi wa mbali.

Kwa nini Nyanza ilimfuata Raila mwaka 2002, na Mlima ukakataa kumfuata Uhuru miaka 20 baadaye? Watu wanasema ni bei ya unga, na unga ulikuwa ghali kweli. Mimi naona zaidi ya hapo. Raila aliwaomba watu wake waufute uchungu ambao yeye mwenyewe aliuonja gerezani. Alikuwa na haki ya kuwaomba. Uhuru aliwaomba watu wake wampende mtu ambaye kampeni mbili zake zilikuwa zimewafundisha kumwogopa. Hofu uliyoipanda mwenyewe haing'oki kwa hotuba moja.

Raila aligombea urais mara tano: 1997, 2007, 2013, 2017 na 2022. Hakuna hata mara moja aliyoapishwa Rais kwa mujibu wa sheria. Neno lake lilimweka Rais Ikulu mara moja, mwaka ambao hakugombea.

Alifariki nchini India tarehe 15 Oktoba 2025, akiwa na umri wa miaka 80, siku moja baada ya kutimia miaka 23 tangu aseme tosha. Mwili ulipotua Nairobi kesho yake, watu walifurika uwanja wa ndege, wakausindikiza kwa miguu na pikipiki, matawi mabichi mkononi, hadi Kasarani, uwanja uleule ambamo KANU ilimshangilia mgombea wake siku ile. Risasi zilipigwa huko na waombolezaji wengine wakafa. Jumapili ya tarehe 19 alizikwa Bondo, kwenye boma la Jaramogi. Kibaki alikuwa ametangulia Aprili 2022, Saitoti kwa ajali ya helikopta 2012, Wamalwa tangu 2003. Kalonzo Musyoka, aliyelimeza lile neno Uhuru Park, alikuwapo. Na Uhuru Kenyatta, ambaye neno lile lilimwangusha, alikuwapo.